Kuku wa Bi Dakika

Mimi si mtu wa kusifia watu ovyo. Waulize wenzangu wa chumba cha upasuaji: Sista Pilipili akikwambia umefanya vizuri, nenda kaanue nguo, mvua inakuja. Kwa hiyo mkiniona nimekaa hapa namsimulia mwanamke mmoja niliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, mjue nina sababu. Na sababu yenyewe inanitia aibu mpaka leo.

Tulimwita Bi Dakika. Mfupi, mwembamba, miwani kaifunga kwa kamba nyuma ya kichwa isije ikamdondoka, na sauti ndogo kiasi kwamba ukitaka kumsikia lazima uiname. Hakuwa anaongea yule, alikuwa ananong'ona. Akiomba chumvi mezani, inamfikia wengine tumeshanawa mikono. Aliishi na mama yake nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha magodoro, na huko nako kila kitu kilikwenda kwa saa: dawa za mama, chai ya mama, hata kumwagilia maua. Kuna mwanamume mmoja alimtaka, akaahidi kufika nyumbani saa nne. Akafika saa tano. Alimkuta mama mtu peke yake na chai imepoa. Bi Dakika alishaondoka zake kazini, na habari ya uchumba ikaishia hapo hapo kwenye chai baridi.

Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine ya moyo na mapafu. Ngoja niwaeleze, maana watu wengi hawajui mle ndani tunafanya nini. Huwezi kushona kitu kinachorukaruka. Daktari akitaka kubadilisha vali ya moyo iliyoharibika, lazima moyo utulie tuli na damu isipite humo. Basi damu inatolewa mwilini kwa mirija minene, inapita kwenye mashine, inatiwa oksijeni, inarudishwa upande mwingine. Kisha daktari anaubana mshipa mkuu kwa kibano, na Bi Dakika anasukuma dawa ya baridi ya kuulaza moyo. Unauona kwa macho yako unapungua mwendo, unapungua, kimya. Mara ya kwanza kuona jambo hilo nilijishika kifua mwenyewe.

Sasa, moyo ule umelala tu, haujafa. Lakini damu haupati, na nyama yake ikikaa hivyo bila ulinzi inaanza kuumia. Ile dawa ya baridi ndiyo inayoulinda, nayo haikai milele. Kwa dawa tuliyokuwa tunatumia sisi, kila dakika ishirini daktari alitakiwa asimame, atoe mikono, moyo upewe dozi nyingine. Ubaya wake ni kwamba ukichelewa huoni kitu. Damu haimwagiki, mgonjwa habadiliki rangi, kila mtu anaendelea na kazi yake roho safi. Utakuja kujua mwishoni kabisa, kibano kimeshafunguliwa, damu imerudi, na moyo umegoma.

Bi Dakika aliwahi kuuona moyo ukigoma. Alinisimulia mara moja tu, tunakunja mashuka ya kijani, wala hakuwa ananiangalia. Ilikuwa mwaka wake wa pili kazini. Mgonjwa alikuwa mshonaji nguo, msichana wa miaka ishirini na sita, aliyekuja na tepu ya kupimia shingoni kwa sababu alikuwa ametoka dukani moja kwa moja. Dakika ishirini zikafika, Bi Dakika akanong'ona. Daktari wetu bingwa, sisi tunamwita Mkubwa, akajibu bila kuinua kichwa: "Mshono mmoja tu."

Bi Dakika akanyamaza. Mtoto wa watu alikuwa mgeni, na Mkubwa ni Mkubwa. Ule mshono mmoja ukakatika, ukarudiwa, ukaja mwingine wa kuushikilia. Dozi ilipoingia zilikuwa zimepita dakika arobaini na moja. Kibano kilipotoka, moyo ulirudi umelegea kama tambara lililolowa. Waliuhangaikia saa mbili nzima, na yule msichana hakuamka.

"Namba zilikuwa mbele yangu kwenye mashine, Sista," akaniambia. "Nazisoma vizuri kabisa. Mdomo ndio ulionishinda."

Jumamosi ya wiki hiyo alikwenda sokoni akanunua saa ya jikoni, zile za kuzungusha kwa mkono, ya plastiki ya njano, umbo la kuku. Wenzake walipocheka akawaambia, kwa kile kisauti chake, kwamba mdomo wake ni mzito, kwa hiyo amejinunulia wa kumsemea. Na tangu siku hiyo hakuna moyo uliolazwa kwenye chumba chetu bila yule kuku. Asubuhi anampangusa kwa spiriti kutoka kishungi mpaka mkia, anamweka juu ya mashine. Kibano kikiwekwa, anamzungusha: krrr, krrr, krrr. Dakika ishirini zikitimia, kuku analia kama kengele ya shule. Sisi tunaitikia, "Kuku ametaga!" Mkubwa anaguna, anarudi nyuma hatua moja, dozi inaingia.

Na mwishoni, damu ikianza kurudi, alikuwa na ubishi wake mwingine. Mkubwa ana mikono ya dhahabu, hilo simnyimi, lakini haraka yake utadhani kaacha jiko linaungua nyumbani. Akishafungua kibano anataka damu ijae mara moja, moyo upige, twende kwa mwingine. Bi Dakika hakubali ng'o. Anairudisha damu kwa presha ndogo kwanza, ya uvuguvugu, pole pole, kisha anauacha moyo upige mtupu kwa muda, mzigo wote bado uko kwenye mashine. Nilimuuliza kwa nini. Akasema nyama iliyokaa bila damu inaweza kuumizwa na damu hiyo hiyo ikija kwa kishindo. "Mtu hajala siku tatu," akasema, "humwekei sinia zima ukamwambia haya, maliza." Mkubwa alikuwa anamkodolea macho, yeye anaangalia namba zake tu, mkono hauongezi hata kidogo. Mkono wake haukuwa mwoga, ni mdomo tu.

Haya, tuje kwangu mimi mwenye dhambi.

Yule kuku alinikera. Nasema kweli. Nilikuwa msimamizi wa chumba, nataka utulivu, vyombo vyangu vimepangwa, halafu ghafla krriiing! Miaka na miaka sikumzoea. Ijumaa moja alilia wakati nampa Mkubwa sindano, nikashtuka, sindano ikaruka. Sindano ikipotea chumbani kwetu hakuna kinachoendelea mpaka ionekane, basi watu wazima tulipiga magoti tukaisaka sakafuni dakika kumi, mimi na tumbo langu hili. Mkubwa akasema, "Sista, huyu kuku ama achinjwe, ama mimi nihame." Watu wakacheka. Mimi nikaona nimedhalilishwa. Jioni, kila mtu ameshaondoka, nikamchukua kuku nikamfungia kwenye kabati langu la nguo, nikatia ufunguo kwenye pochi. Nilijiambia Jumatatu nitamweleza Bi Dakika kwa utaratibu, kwamba ni uamuzi wa chumba. Chumba gani? Ni mimi na kiburi changu.

Jumapili mdogo wangu akaja kwangu kula chakula cha mchana. Huyu ni kitinda mimba wetu, fundi wa kuchomea vyuma, nimembeba mgongoni mimi. Vali ya moyo wake ilikuwa mbovu, tunajua, na zamu yake ya kufanyiwa ilikuwa mwezi unaofuata. Barazani kwangu pana ngazi tatu. Alipanda ya kwanza, akapanda ya pili, akakaa chini. Midomo imebadilika rangi, anavuta pumzi kama anakunywa maji. Nilimfikisha hospitali nikiwa na kandambili za bafuni miguuni.

Mkubwa alikuja mwenyewe, akamsikiliza kifua, akasema, "Kesho asubuhi, wa kwanza."

Asubuhi wanamsukuma kwenye kitanda, mdogo wangu ananishika mkono, anatabasamu kwa shida. "Dada, waambie wakimaliza wapige msasa vizuri. Mshono ukionekana, mtaani nitakosa wateja." Nikamwambia nyamaza, mpuuzi wewe. Mlango ukafungwa na mimi nikabaki nje.

Nje, naam. Kwetu ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kuingia siku ya upasuaji wa mtu wake, hata awe nani. Kuna karatasi ukutani: NDUGU WA MGONJWA MWISHO HAPA. Mwandiko wangu. Chini yake mstari mwekundu sakafuni, niliosimamia mimi mwenyewe ukipigwa rangi. Nikakaa kwenye benchi la mbao na pochi yangu mapajani, kama mama yeyote aliyewahi kunisumbua pale na maswali nikamwambia, "Subiri, mama, subiri."

Mlango wa ndani wa chumba kile una bawaba mbovu, haufungi sawasawa. Nimeandika barua mara tano utengenezwe. Siku hiyo nilishukuru hakuna aliyezisoma, maana sauti zilikuwa zinapenya mpaka kwenye benchi. Nilisikia vyombo. Nilisikia mashine ikianza kuunguruma. Kisha Mkubwa, "Kibano kimewekwa." Nikatazama saa ya ukutani: saa tatu na dakika kumi na mbili. Nikatega sikio nisikie kuku akizungushwa.

Hakuna krrr.

Nilikumbuka hapo hapo. Mungu wangu, kuku yuko kabatini, ufunguo huu hapa kwenye pochi, na moyo wa mdogo wangu umelala.

Niliruka kwenye benchi nikaenda kwenye kidirisha. Nesi wa mlangoni nilimfundisha kazi mimi, tangu hajui kuvaa glavu. "Fungua. Nenda kwenye kabati langu, kuna kuku, mpeleke ndani sasa hivi."

Alinitazama kwa huruma, akadhani nimechanganyikiwa. "Sista, kaa tafadhali. Kifua kikishafunguliwa hakiingii kitu ambacho hakikuombwa kutoka ndani. Ni sheria."

"Sheria ya nani?"

"Yako, Sista." Akanionyesha ile karatasi ukutani. "Na leo wewe ni ndugu wa mgonjwa. Pole sana."

Ningemchapa kofi. Lakini alikuwa sahihi, na alikuwa sahihi kwa sababu nilimfundisha vizuri. Nikarudi kwenye benchi.

Niliziangalia dakika zile ishirini moja moja. Nikafikiria kile kisauti kinachonong'ona, na Mkubwa aliyeinama juu ya kifua, na mashine inayounguruma katikati yao. Nani atamsikia? Nikamwona yule mshonaji na tepu yake shingoni, ingawa sikuwahi kumwona maishani. Nilijisemea, nikimpoteza mtoto huyu, nimemuua mimi, kwa sababu ya sindano na kicheko.

Saa tatu na dakika thelathini na mbili.

"Dakika ishirini! Dozi!"

Sikuijua sauti hiyo. Ilikuwa ya mtu anayeita mtu ng'ambo ya barabara. Mzee aliyekaa mwisho wa korido aliacha kusoma gazeti lake.

Kisha nikamsikia Mkubwa, taratibu, sauti ya mtu aliyezama kazini. "Mshono mmoja tu."

Nilifumba macho. Kimya kile sijui kilikuwa cha muda gani, pengine sekunde mbili, lakini mimi nilizeeka humo.

"Hapana!" Ilikuwa ni yeye. Bi Dakika! "Hakuna mshono mmoja, Daktari! Dakika ishirini zimefika. Toa mikono!"

"Unanipigia kelele mimi?"

"Nakupigia, ndiyo! Ukimaliza nifukuze. Sasa hivi toa mikono!"

Yaliyofuata nilikuja kuambiwa baadaye na daktari wa usingizi. Alisema Mkubwa aliinua kichwa, akakitazama kile kimwanamke nyuma ya mashine, kimesimama juu ya kistuli chake, miwani imejaa ukungu, na mkono tayari uko kwenye dawa. Wakaangaliana. Kisha Mkubwa akarudi nyuma hatua moja.

"Haya," nikamsikia. "Leta."

"Dozi inaingia!" Na baada ya dakika chache, "Dozi imekwisha! Naanza kuhesabu upya!"

Basi ikawa hivyo. Saa nne kasoro, "Dakika ishirini! Dozi!" Mkubwa hakubisha. Mara ya tatu sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Mara ya nne ilikuwa kama mlango wenye kutu, lakini kila neno lilifika pale nilipokuwa nimekaa. Nilikuwa nahesabu naye. Ikibaki dakika moja nashika ubao wa benchi kwa mikono miwili, na kila mara, sekunde ile ile, sauti inakuja. Mzee wa gazeti akahamia karibu yangu akaniuliza ni nini kinapigiwa kelele humo. Nikamwambia mdogo wangu analindwa. Akaitikia kwa kichwa, akakaa hapo hapo, na yeye akawa anaangalia saa.

Hatimaye Mkubwa akasema kibano kinatoka.

"Kibano kimetoka! Damu inarudi, naanza pole pole!"

"Ongeza," Mkubwa akasema. "Ongeza, kuna mwingine anasubiri."

"Siongezi! Dakika hizi za mwanzo ni zangu!"

Nilicheka. Nilikaa pale nje machozi yananitoka na ninacheka, kama mwendawazimu. Kisha hapakusikika neno, mashine tu inaunguruma. Nilijua wanachoangalia. Wote mle ndani walikuwa wameinama juu ya kitu kikubwa kama ngumi ya fundi wa vyuma, wanangoja kifanye uamuzi wake. Mzee alinishika kiwiko bila kuniuliza.

"Unapiga!" Sauti ilikatika katikati, ikarudi. "Unapiga wenyewe! Nauacha upumzike, haubebi mzigo bado! Unapiga vizuri!"

Hapo sikujizuia tena, nililia kwa sauti, mimi niliyeandika karatasi nyingine ukutani ya kukataza kelele koridoni.

Bi Dakika alitoka mchana, kofia mkononi, nywele zimemlala kwa jasho. Mkubwa alikuwa ameshapita, akaniambia moyo wa mdogo wangu una nguvu kuliko alivyotegemea, kisha akaongeza, huku anatazama pembeni, kwamba yule mwendesha mashine atakuja kumuua kwa presha. Na kwamba asithubutu mtu kumhamisha.

Nilisimama. "Bi Dakika, nisamehe. Kuku ninaye mimi. Yuko kwenye kabati langu tangu Ijumaa."

"Najua," akasema. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa, nikalazimika kuinama kama siku zote. "Nimemtafuta asubuhi. Nani mwingine anafunga vitu vya watu kwa ufunguo?"

"Na hukunijia hapa benchi kuniuliza?"

"Mgonjwa alishalazwa mezani, siwezi kuiacha mashine. Na ningekuacha ukae hapa ukiwaza kwamba kuku hayumo kwa sababu yako?" Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. "Sikujua kwamba utakumbuka mwenyewe."

Nikatafuta mzaha. "Lakini jamani, kelele gani zile! Mkubwa si kiziwi. Yuko hatua mbili kutoka kwako. Ungemkanyaga mguu tu angekusikia."

"Mkubwa ningemkanyaga," akasema. "Hata kumvuta gauni ningemvuta."

Akavaa miwani yake, akaikaza kamba nyuma ya kichwa, akalitazama lile benchi.

"Nilijua umekaa hapa unangoja kuku alie," akaninong'oneza. "Kwani ulidhani nilikuwa nampigia kelele nani?"